Mtoto Niliyemwita Mwongo

Nilianza kufundisha Uraia na Maadili kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyelitaka somo lile. Katika shule yetu ya msingi, kule Soweto jijini Mbeya, watu waligombea Hisabati na Sayansi, masomo ambayo wazazi huyaulizia. Maadili nikapewa mimi, mgeni niliyehamia kutoka Mufindi, pamoja na kabati lisilofungika na vitabu vichache ambavyo watoto walivisoma wanne wanne.

Nililipenda kuliko nilivyotegemea. Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri huko kwetu Nyololo, na nyumbani tulikula ugali na habari za jema na baya kwa pamoja. Lakini baba alitupa majibu tu. Alisema hii ni dhambi, hii si dhambi, nasi tukaitikia. Mimi nilitaka watoto wangu wajue kufika kwenye jibu kwa miguu yao wenyewe. Kwa hiyo sikuwaandikia ubaoni orodha ya tabia njema waikariri. Niliwapa visa. Mama anauza maziwa, ameongeza maji kikombe kimoja kwa sababu mwanawe anaumwa na dawa hana, tuseme nini? Rafiki yako amevunja kioo cha dirisha, mwalimu anauliza ni nani; utamtaja? Niliwaacha wabishane mpaka darasa la jirani wagonge ukuta, na kila aliyejibu nilimuuliza neno moja tu: kwa nini?

Katika darasa la sita kulikuwa na msichana mmoja mrefu, mwembamba, mwenye sweta lililofumuka viwikoni. Mama yake alikuwa Mnyakyusa, muuza ndizi za kupika katika soko la pale pale Soweto. Msichana huyu hakuwa mwepesi wa kunyoosha mkono. Aliwasikiliza wenzake hadi mwisho, kisha akauliza swali moja, na wote wakalazimika kuanza upya. Siku ya kisa cha kioo, karibu darasa zima walisema wangenyamaza, rafiki ni rafiki. Yeye akasimama polepole.

"Mwalimu, na kama wakimchapa mtu mwingine ambaye hakuvunja? Yule aliyenyamaza si na yeye amemchapa?"

Nilirudi ofisini siku ile nikawaambia walimu wenzangu kwamba leo mimi ndiye niliyefundishwa. Tulicheka. Mwalimu wa Hisabati alicheka kuliko wote, akasema huyo mtoto atakuwa hakimu.

Lazima nimwelezee mwalimu huyu wa Hisabati, kwa sababu bila kumwelezea nitaonekana nilifanya nilichofanya bure. Alikuwa mtu mzuri. Mwaka niliohamia, mimba yangu ya kwanza ilipoharibika nikiwa kazini, yeye ndiye aliyenibeba mikononi kutoka ofisini hadi kwenye gari la mzazi aliyekuwa amekuja kuulizia mwanawe. Shati lake jeupe lilijaa damu yangu. Alikaa hospitali mpaka mume wangu alipofika, na hakuwahi kulitaja jambo lile tena, hata kwa utani. Baadaye mke wake alifariki, akabaki na watoto wadogo watatu. Akawa anakuja shuleni macho mekundu, shati halijapigwa pasi, hasira ziko karibu.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi ile ya Mbeya inayotoa moshi mdomoni, nilikuwa napita kwenye kibaraza kwenda kuchukua chaki. Nilipofika usawa wa dirisha la darasa la sita nilimwona amesimama mbele ya mvulana aliyekosea hesabu ubaoni. Alimpiga kofi moja sikioni, kwa kiganja kizima. Mtoto aliyumba, akagonga ukingo wa ubao, akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka. Damu kidogo ikatoka sikioni. Mwalimu aliutazama mkono wake, halafu akainua macho, na macho yake yakakutana na yangu dirishani.

Niliendelea kwenda kuchukua chaki. Mpaka leo sijaelewa jinsi nilivyoweza kuikumbuka chaki.

Siku ya pili baba wa yule mvulana, mkulima wa viazi kutoka milimani juu ya jiji, alikuja na karatasi ya hospitali. Ngoma ya sikio ilikuwa imepasuka, na daktari hakuahidi kama kusikia kutarudi. Alikuwa mtu mpole. Alivua kofia, akauliza tu ni nini kilimpata mwanawe. Mwalimu mkuu akamwambia mtoto aliteleza akagonga ubao, na shule inasikitika sana. Kisha akatuita walimu ofisini, akafunga mlango.

"Afisa elimu kata anakuja kesho," alisema. "Mtoto mwenyewe amekubali kwamba aliteleza. Wenzake nao wanasema hivyo. Sasa kila mmoja aliyekuwa maeneo yale aandike alichokiona. Tusiharibiane maisha. Mnajua mwenzetu ana mayatima."

Mwalimu wa Hisabati alikuwa amekaa pembeni, ameinamisha kichwa. Hakuniomba kitu. Pengine angeniomba ningekasirika, na hasira ingenisaidia.

Nilichukua karatasi. Nilijua kupima jambo, ndiyo kazi niliyokuwa naifanya mara tatu kwa wiki. Nikapima. Nikisema kweli, sikio la mtoto halitapona. Nikisema kweli, mwenzangu atafukuzwa kazi na kufungwa, watoto watatu wasio na mama watakosa na baba. Alinibeba. Yule mvulana mwenyewe ameshasema aliteleza, mimi ni nani wa kumpinga? Sababu zilikuja moja baada ya nyingine, zote zimenyooka, na hakuna hata moja iliyokuwa ya uongo. Sasa ninajua kwamba uamuzi nilikuwa nimeshaufanya pale kibarazani, na akili yangu ilikuwa inautafutia nguo za kuuvalisha. Niliandika mistari mitatu, nikasaini.

Kesho yake afisa alikaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu, sisi walimu tukakaa kwenye benchi ukutani. Waliingizwa wanafunzi watano mmoja mmoja. Wanne walisema aliteleza, wakilitamka neno lile lile kwa sauti ile ile. Wa tano alikuwa yule msichana. Alisalimia, akasimama mikono nyuma.

"Alipigwa kofi na mwalimu," alisema. "Sikio likatoka damu. Mwalimu wetu wa Maadili alikuwa dirishani, aliona."

Kisha akanigeukia. Hakunitazama kwa kuniomba. Alinitazama kwa utulivu, kama mtu aliyeshika upande mmoja wa meza nzito na anangoja mwenzake anyanyue upande wa pili.

"Mwalimu," afisa akaniuliza, "uliona?"

"Nilikuwa napita," nilisema. "Ila sikuona kitu kama hicho."

"Mwalimu?" msichana alisema. Neno hilo moja tu. Hakulia, hakubisha. Afisa akaandika, mwalimu mkuu akamwambia aende darasani, naye akatoka akiufunga mlango kwa adabu.

Mambo yaliisha haraka. Mwalimu wa Hisabati alihamishiwa wilaya nyingine kimya kimya. Mvulana alirudi shule, nami nilimhamishia dawati la mbele ili sikio zima liwe upande wangu. Msichana ndiye aliyebaki na mzigo. Mwalimu mkuu alimtaja mstarini, bila jina, kama mfano wa wanafunzi wanaopenda kuchafua walimu wao, na kila mtu alijua ni nani. Wenzake waliacha kukaa naye. Wakati wa kipindi changu alikaa nyuma, ameegemea ukuta, na tangu siku ile hakuuliza swali tena. Mimi nami niliacha visa. Niliandika orodha ya tabia njema ubaoni, wakaikariri.

Baada ya kama wiki mbili mama yake alikuja kunitafuta. Alikuwa ametoka moja kwa moja sokoni, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa ndizi. Alikataa kukaa.

"Mwalimu, mimi sikusoma," alisema. "Huko sokoni wananiambia mwanangu amemsingizia mwalimu. Nimempiga, bado anashikilia maneno yake. Nimemnyima chakula, anashikilia. Baba yake hayupo, niko peke yangu. Wewe ndiye unayewafundisha ukweli na uongo. Niambie tu mimi mzazi mwenzio, mwanangu ni mwongo?"

Ofisi ilikuwa tupu. Hakukuwa na afisa, hakukuwa na mwalimu mkuu, mwenzangu alikuwa ameshahama. Ningeweza kumnong'oneza. Hakuna ambaye angejua.

"Mama," nilimwambia, "watoto wakati mwingine huona vitu kwa namna yao. Mkanye taratibu, ataacha."

Alinishukuru. Alipiga goti kidogo, akasema, "Ndaga, mwalimu," kisha akasema tena asante kwa Kiswahili, labda akidhani sikumwelewa. Mwisho wa muhula alimpeleka binti yake Iringa kwa mama yake mdogo, ili akakae mbali na shule ile na kujirekebisha.

Ikapita miaka tisa. Nilipata watoto wawili, nikahamia shule nyingine hapo hapo jijini, nikapewa tena Maadili kwa sababu faili langu lilisema nina uzoefu. Baba yangu alifariki, tukamzika Nyololo kwenye mvua. Sitasema nilimkumbuka msichana yule kila siku, nisijipambe. Kuna miezi nilisahau. Lakini kila nilipoingia soko la Soweto nilizunguka kwa upande wa nyanya na dagaa ili nisipite kwenye ndizi.

Kisha mwaka jana nikasikia kwamba yule mama muuza ndizi amefariki kwa ugonjwa wa figo. Nilikwenda msibani. Nilikaa mkekani na wanawake, na mmoja wao, ndugu wa marehemu, akawa ananionyesha watoto wa marehemu mmoja mmoja.

"Yule mrefu pale ndiye mkubwa," alisema. "Yuko Iringa. Kamekuwa kabinti kazuri sasa, ila utotoni kalikuwa na ugonjwa wa uongo. Kalimsingizia mwalimu mpaka mama yake akakahamisha. Marehemu alikuwa anaomba kila siku kanisani kwa ajili yake."

Aliyasema bila ubaya wowote, kama mtu anavyosema fulani alizaliwa na pumu. Chai ilikuwa mkononi mwangu, nikashindwa kuinywa wala kuiweka chini. Wakati huo msichana alipita na sinia la vikombe. Aliniona. Akainama kidogo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

Akaenda zake.

Nilikaa na jambo lile mwezi mzima. Kwanza nilimpigia simu mwalimu wa Hisabati, ambaye alikuwa amestaafu na kurudi kwao. Nilimwambia nataka kusema kweli. "Tangu siku ile sijawahi kumgusa mtoto," alisema. "Ulinisaidia, mwalimu. Usinigeuke sasa uzeeni." Nilimwambia sikutaka kumgeuka, ila kuna mtu mwingine niliyekuwa nimemgeuka muda mrefu zaidi. Alikata simu, na hajapokea simu yangu tena.

Jumamosi moja nilipanda basi la alfajiri kwenda Iringa. Nilishuka Ipogolo, pale chini kabla barabara haijapanda mlima kuingia mjini, malori yamejipanga pande zote mbili. Nilikuwa nimeelekezwa duka la spea. Nilimkuta nyuma ya kaunta, amevaa koti la bluu lenye madoa ya grisi, anazungumza na dereva.

"Hii siyo orijino, kaka," alikuwa anamwambia. "Naweza kukuuzia, lakini ukishuka nayo mlima wa Kitonga usije ukanilaumu. Orijino inaingia Jumatatu."

Dereva alilalamika, kisha akakubali kungoja. Aliponiona alitoka nje ya kaunta, akanisalimia, akanifutia kiti cha plastiki. Akakaa juu ya tairi lililokuwa limelazwa sakafuni, akangoja niseme.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ndani ya basi. Yote yalipotea.

"Niliona," nilisema. "Siku ile. Nilikuwa dirishani, niliona kofi, niliona damu. Ulisema kweli, mimi nikadanganya."

"Najua, mwalimu," alijibu. "Nilikuwepo."

Lori lilipita, vyuma vya rafu vikatetemeka. Aliingoja kelele ipungue.

"Ya ofisini yaliniuma zamani. Nimekuwa mkubwa, nimeona watu wazima wanavyoogopa. Hata mimi huwa naogopa. Lakini nimekuwa nataka kukuuliza kitu kimoja. Mama alikuja kwako. Ulimwambia nini?"

Nilimwambia maneno yenyewe, neno kwa neno, kwa kuwa sikuwahi kuyasahau. Alifumba macho.

"Basi ndiyo hayo," alisema. "Alikuwa hasemi nani alimwambia. Alikuwa anasema tu, nimeuliza kwa anayejua." Alijifuta mikono kwa kitambaa ingawa ilikuwa safi. "Unajua alikuwa ananiuliza nini, mwalimu? Kila akinipigia simu. Nikimwambia nimepata kazi, ananiuliza, kweli? Nikimwambia naumwa, kweli? Hakuwa ananisema vibaya. Alikuwa ananipenda. Lakini lazima aulize. Alipolazwa mara ya mwisho nilimpigia nikamwambia, mama, nakuja kesho. Akaniuliza, kweli? Nikamwambia kweli. Basi likaharibika Makambako, tukakaa pale siku nzima. Nilipofika alikuwa ameshaondoka."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na niliona aibu kulia mbele yake, kana kwamba hata hicho ninamnyang'anya. Aliniletea maji ya chupa. Nilimuuliza nifanye nini. Nilijua kabisa kwamba kumuuliza hivyo ni kumtwisha tena kazi yangu.

Aliinamisha kichwa upande kama alivyokuwa akifanya darasani.

"Bibi yupo hai," alisema. "Mama wa mama. Yuko Rungwe. Kwenye kila kikao cha ukoo anawaambia wajukuu wasiwe kama mimi. Nenda kamwambie yeye."

Nilikwenda wiki iliyofuata. Mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida ya Rungwe, na njia ya kuingia kwa bibi ilipita katikati ya migomba iliyoinamiana. Nilimkuta jikoni, mzee sana, anamenya ndizi mbichi na kuzitupia kwenye sufuria la maji. Nilimsalimia, "Ugonile, bibi," akafurahi, akanisogezea kigoda. Nikamwambia mimi ni nani. Nikamweleza yote, kofi, ofisi, yule afisa niliyemdanganya nikimtazama usoni, na mwanawe aliyepiga goti kunishukuru.

Alisikiliza bila kuacha kumenya. Nilipomaliza, kisu kilisimama.

"Kwa hiyo mtoto hakusema uongo," alisema.

"Hapana, bibi. Hajawahi."

"Na mama yake ulimwambia amesema uongo."

"Ndiyo."

Alitazama nje, kwenye kilima kidogo cha udongo ambao ulikuwa bado haujaota majani, kando ya migomba. Walikuwa wamemleta binti yake kumzika huko nyumbani.

"Sasa unaniambia mimi," alisema. "Yule pale nitamwambiaje?"

Hakungoja jibu. Baada ya muda aliendelea kumenya. Hakunifukuza. Mvua ilipopungua aliniambia mwanangu, nenda kabla barabara haijawa mbaya, na hakunyoosha mkono kuniaga.

Niliandika barua kwa ofisi ya elimu pia, nikaeleza kila kitu na kuweka jina langu. Walinigongea muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu. Mpaka leo sijaitwa. Nilimtafuta na yule mvulana, ambaye sasa ni fundi ujenzi, nikamwomba msamaha nikiwa nimesimama upande wa sikio linalosikia. Alisema yameshapita, akanionyesha picha ya mtoto wake kwenye simu. Aliniuliza habari za yule msichana, kisha akasema, "Mimi nilisema niliteleza. Niliogopa. Mwambie." Nilimwambia akamwambie mwenyewe, nikampa namba. Sijui kama alipiga.

Darasani nimerudisha visa. Kimoja kati ya hivyo ni hiki, nimebadilisha mahali na kazi za watu. Watoto wanabishana sana. Wengi humtetea mwalimu aliyenyamaza, wanasema alikuwa na sababu, na wanazitaja sababu zangu zile zile bila mimi kuwaambia. Huwa nawauliza kwa nini.

Mwezi uliopita, mchana, nikiwa nasahihisha madaftari, ulifika ujumbe wa WhatsApp kutoka Iringa.

"Mwalimu, bibi amenipigia. Ameniomba msamaha, amelia sana, amesema hata kwenye ukoo atasema. Nilimwambia nimesamehe. Lakini nilikuwa nautaka kwa mama. Huu wa bibi sijui niufanye nini."

Niliandika jibu refu, nikalifuta. Nikaandika jingine lenye mstari wa Biblia, nikalifuta nalo. Mwishowe nilimwandikia, "Hata mimi sijui, mwanangu." Alama zile mbili zikageuka bluu, nikajua amesoma. Hakujibu. Kengele ya kipindi kinachofuata iligongwa, nikakusanya madaftari nikaenda darasani.